Siku Moja Maishani Mwangu: Mkandaji wa Kinondoni

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai nakata kucha. Ukucha ukipita ncha ya kidole kidogo tu unamkwaruza mtu, na aliyekwaruzwa hukaza mwili mpaka mwisho. Pete sivai. Manukato nayo nimeacha, kwa sababu mteja mwenye pumu hana pa kukimbilia akiwa amelala kifudifudi chini ya mikono yangu. Kisha nanyoosha viganja na vidole gumba, taratibu, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Wenzangu wengi wameiacha kazi hii kwa sababu ya vidole gumba. Mimi nabonyeza zaidi kwa kiwiko na kigasha, na uzito wa mwili ndio unaofanya kazi.

Saa 12 na nusu. Mwendokasi kutoka Kimara. Kiti sikipati, sijawahi kukitegemea. Nikisimama humo naangalia mabega ya watu. Yule dada wa mkoba mzito ana bega la kulia lililopanda juu. Kijana wa pembeni yake ameinamia simu tangu Ubungo. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na kadiri unavyokiinamisha ndivyo misuli ya nyuma ya shingo inavyobeba mzigo zaidi. Mtu kama huyo ndiye hufika kwangu akisema "nimelala vibaya."

Nashuka Morocco, natembea.

Saa 2 asubuhi. Chumba changu kiko nyuma ya saluni ya kike. Nimekataa kuandika "VIP" mlangoni, nimekataa taa nyekundu, na pazia la dirisha ni jepesi, mwanga unaingia. Mwenye nyumba aliwahi kunishauri niweke picha ya mwanamke aliyelala na maua mgongoni. Nikamwambia wateja wangu ni mafundi cherehani na wahasibu, hakuna atakayejiona kwenye picha ile.

Napiga deki, natandika shuka safi, natoa kanga za kuwafunikia. Mafuta yangu ni ya nazi. Kwa joto la Dar hayagandi, ila kwenye ofisi zenye kiyoyozi kikali hutoka kwenye chupa yakiwa meupe mazito. Ya ufuta nayo ninayo, lakini siyagusi kabla ya kuuliza kama mtu ana mzio.

Saa 3. Mteja wa kwanza, mama mmoja wa ofisi ya mahesabu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo shingo imeniua." Huwa simkandi mtu kabla ya maswali, na wengine huchoka nayo. Presha ikoje? Sukari? Una ujauzito? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Umewahi kuvunjika? Mwenye sukari ya muda mrefu anaweza kuwa na ganzi miguuni, ukambonyeza sana bila yeye kusikia. Anayetumia dawa za damu hupata michubuko kwa nguvu ambayo mwingine asingeihisi. Haya siyaulizi ili nionekane daktari, maana mimi si daktari. Nayauliza kwa kuwa mwili ni wake na mimi nimekaribishwa tu.

Nafunua sehemu ninayoifanyia kazi peke yake, kwingine kote kanga. Namwomba anipe namba kutoka moja hadi kumi. Tukifika saba napunguza. Kuna wateja wanaoamini kwamba bila kulia hawajakandwa. Mimi siamini hivyo. Msuli ukiogopa hujikaza, nawe utashindana nao mpaka jioni.

Aliniuliza kama masaji ya Kiswidi kweli imetoka Uswidi. Jina hilo huhusishwa na Per Henrik Ling, aliyefungua chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813. Lakini mipapaso na mikando tunayofundishwa darasani, wanahistoria wanampa zaidi Mholanzi, Johann Georg Mezger, na majina yake ni ya Kifaransa huku mikono yenyewe ni ya Kinondoni. Mama akacheka, shingo ikalegea. Nilikuwa nasubiri hapo.

Akiondoka akauliza kama sumu zimetoka mwilini. Nikamwambia kazi hiyo ni ya ini na figo, mimi nimemsaidia misuli kupumzika tu. Najua kuna wanaouza "masaji ya kutoa sumu" na "masaji ya kuvunja kitambi" kwa bei mara mbili ya yangu. Waendelee.

Saa 5. Simu. Sauti ya kiume, namba ngeni. "Dada, masaji shilingi ngapi?" Namtajia. Kimya kidogo. "Na huduma nyingine?"

Simu hizi haziishi, na kila mwanamke wa kazi hii mjini anazijua. Zamani nilikuwa nakata. Siku hizi najibu kwa sauti ileile niliyoanza nayo: huduma ni mgongo, shingo, miguu na mikono, mteja anabaki na nguo ya ndani, mlango haufungwi kwa ufunguo. Wengi hukata wenyewe. Ninachoudhika nacho zaidi ni watu wa heshima zao wanaoniambia nibadilishe kazi "kwa sababu ya jina." Jina la kazi limechafuliwa na wanaoichafua, sasa sisi wa mgongo na shingo tukiondoka abaki nani? Shangazi yangu alikaa muda mrefu bila kuwaambia majirani ninachofanya, akisema tu "yuko saluni." Sikumlaumu. Nilimkaribisha akae chumbani siku nzima, aone wanaoingia na wanaotoka. Baada ya hapo ameniletea wateja watatu wa kanisani kwao.

Saa 7. Wali maharage kwa mama lishe wa kona, mchicha pembeni. Yeye huinamia sufuria tangu alfajiri. Mwisho wa mwezi namkanda mgongo, naye ananipunguzia deni la chakula. Tunadaiana bila daftari na hatujagombana.

Saa 8 mchana. Akaingia msichana, ametumwa na rafiki yake. Ametoka Mwanza juzi kwa basi, safari nzima amekaa dirishani, na mguu wa kushoto unamuuma. "Nikande tu hapa dada, ni uchovu wa gari."

Nikamwomba aweke miguu yote miwili juu ya kitanda. Kigimbi cha kushoto kilikuwa kimevimba wazi kuliko cha kulia. Nikakigusa kwa nje ya kiganja, kilikuwa cha moto. Uchovu wa gari kwa kawaida huja miguu yote miwili. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, baada ya saa nyingi za kukaa bila kujinyoosha, unaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Ukikanda, bonge lile linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa. Sikujua kama ndivyo ilivyo. Kujua huko ni kazi ya kipimo, wala si ya vidole.

Nikamwambia sitamkanda. Akadhani nataka kuongezewa hela, akafungua pochi. Nikaifunga kwa mkono wangu. "Mdogo wangu, nenda Hospitali ya Mwananyamala sasa hivi, waambie umetoka safari ndefu na mguu mmoja umevimba. Ukianza kuhema kwa shida au kifua kikakubana njiani, usisubiri foleni, piga kelele." Nilimtafutia bajaji, nikampa namba yangu. Saa yake ikabaki tupu, sikuijaza.

Saa 10 jioni. Magomeni, kwa mzee aliyepata kiharusi. Huyu namfuata nyumbani, ni njiani kurudi Kimara. Mazoezi yake hupangwa na mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali, mimi nafanya kiganja, kigasha na mgongo, nakoma hapo. Kila nikija nawakumbusha wajukuu wasimvute kwa mkono uliopooza wanapomwinua, maana bega lisilo na nguvu huchomoka kirahisi. Wamshike kiunoni.

Mzee hasemi sana siku hizi. Leo nilipofungua vidole vyake kimoja kimoja alisema "Bagamoyo," kwa sababu anajua nyanya yangu alikuwa wa huko. Nyanya alikuwa anawakanda wazazi ndani ya arobaini yao: maji ya moto, mkaja tumboni, uji wa pilipili manga. Maji yale mimi siyatumii, nimeona mama aliyeungua tumbo kwa kanga iliyochovywa kwenye maji yaliyotoka jikoni. Nilichochukua kwa nyanya ni kwamba hakuwahi kumgusa mzazi kabla ya kuuliza "nianze?", hata kwa binti aliyemlea mwenyewe. Watu wakiniuliza kwa nini nilichagua kazi hii, wakati nilikuwa na nafasi ya kuuza dukani Kariakoo, jibu langu lina nyanya ndani yake, na lina mzee huyu ambaye mwaka jana kiganja chake kilikuwa ngumi.

Mke wake alinipa maembe. Nauli niliikataa, maembe sikuyakataa.

Saa 2 usiku. Nyumbani naloweka mashuka kwa maji ya moto na sabuni ya unga, mafuta ya nazi yakikaukia kwenye kitambaa hunuka. Kijana wa bodaboda anapiga hodi getini: "Dada, nikande kiuno dakika tano." Nyumbani sikandi mtu. Nikamwonyesha namna ya kunyoosha nyonga akiwa amekaa juu ya pikipiki kijiweni, nikamwambia aje Kinondoni Alhamisi.

Simu ikaita. Msichana wa Mwanza. Amepokelewa, anasubiri kipimo cha mshipa, mama yake amefika naye. Mguu unamuuma na hawezi kulala. Mama akachukua simu: "Mwanangu, nimekuja na mafuta, nimchue kidogo?"

Hapana mama, nikamwambia. Usimchue wewe, wala mtu mwingine yeyote, mpaka daktari asome majibu.