Mafua ya Buhoma

Daftari lile ninalo mpaka leo. Lina jalada la bluu, na ukurasa wa kwanza Mama ameandika kwa mwandiko wake wa kialimu: "Safari ya kuona gorila." Chini yake amepiga mistari miwili kwa rula.

Mama alifundisha shule za msingi mkoani Kagera mpaka alipostaafu. Kila mwaka aliwachorea watoto gorila ubaoni kwa chaki, akampaka mgongoni chaki nyeupe kuonyesha dume lililokomaa, na yeye mwenyewe hajawahi kumwona. Nilipopata kazi ya kudumu nikamwuliza anataka zawadi gani. Hakufikiri hata kidogo.

Tulianza kupanga katikati ya 2018. Mwaka huohuo ndipo ilipotangazwa kwamba gorila wa milimani wamevuka 1,000, na Mama alifurahi kana kwamba ni wajukuu waliozaliwa. Wote wanaishi sehemu mbili tu duniani: milima ya volkano ya Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Kongo, na msitu wa Bwindi na pembezoni mwake, kusini-magharibi mwa Uganda. Upande wa Kongo hifadhi ilikuwa imefungiwa wageni baada ya utekaji uliomwua askari mmoja. Rwanda ilishapandisha bei ya kibali cha kuwaona hadi dola 1,500 tangu Mei 2017. Uganda mgeni wa mbali alilipa dola 600, lakini raia wa Afrika Mashariki shilingi 250,000 za huko. Mama akaizungushia tarakimu hiyo duara, kisha akazungushia tena.

Kilichotuchukua muda mrefu ni magoti yake. Bwindi ina sehemu nne za kuanzia safari: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kibali hutolewa kwa sehemu moja tu. Ukilala Buhoma na kibali chako ni cha Rushaga, asubuhi kuna saa kadhaa za barabara ya milima kati yako na msafara wako. Nkuringo tuliambiwa miteremko yake inamtesa hata kijana. Tukachagua Buhoma, ambako wageni walianza kupelekwa kwa gorila tangu 1993, na tukachagua Februari kwa sababu mvua kubwa huanza Machi. Binamu yangu anayefanya biashara Kampala alituchukulia vibali ofisi ya wanyamapori pale Kamwokya.

Nilimweleza Mama pia kuhusu machela. Wakiga, wenyeji wa Bwindi, wana kitanda cha kubebea wagonjwa kinachoitwa engozi, na vijana wa kule humbeba kwa namna hiyohiyo mgeni asiyeweza kutembea. Akanitazama. "Nitabebwaje na mimi siumwi?" Kuanzia siku hiyo akawa anapanda kilima cha nyuma ya nyumba kila alfajiri, fimbo mkononi. Miezi mitano. Nikienda kumsalimia nilikuta viatu vyake vya matope vimeanikwa mlangoni.

Safari yenyewe ilikwenda salama: Mutukula, Masaka, Mbarara tukalala, kisha Ntungamo, Rukungiri, Butogota. Kuanzia Mbarara Mama alikuwa kama yuko kwao, maana Kihaya na lugha za kule ni ndugu. Mtu akimwambia "Agandi", anaitikia "Ni marungi", na mazungumzo yanaendelea.

Mimi koo lilianza kuniwasha hukohuko Mbarara. Tulipofika Buhoma pua ilikuwa inatiririka. Nikaomba chumba cha peke yangu, nikakaa kitandani na vidonge viwili mkononi, nikijua kwamba nikivimeza alfajiri nitaweza kupitisha saa chache bila kupiga chafya. Sitaficha kwamba nililifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Miezi ya akiba, likizo yangu yote, na Mama upande wa pili wa ukuta.

Lakini nilikuwa nimesoma. Mwaka 2009 kule Rwanda, ugonjwa wa njia ya hewa uliingia katika familia ya gorila iitwayo Hirwa. Jike mmoja na mtoto mchanga wakafa, na kirusi kilichokutwa kilikuwa cha binadamu. Kwetu ni mafua ya siku tatu. Kwao ni msiba.

Asubuhi Mama aligonga mlango, chai mkononi. Akasikia sauti yangu.

"Utawaambia?"

"Nitawaambia, Mama."

"Basi na mimi nabaki."

"Mama, umepanda kile kilima miezi mitano."

Saa mbili askari alitoa maelezo: wageni wanane kwa kundi, saa moja tu na gorila, msiwakaribie chini ya mita saba. Kisha akauliza nani hajisikii vizuri. Nikanyoosha mkono. Hakunilaumu. Akanishukuru mbele ya wote, akasema nitapangiwa siku nyingine. Mama alikabidhi begi lake kwa mchukuzi, binti wa kama miaka ishirini, na wote wawili wakaingia msituni wakiongea.

Sijui siku ndefu kuliko ile. Wafuatiliaji walitangulia alfajiri, wakaanzia pale familia ilipoachwa jana yake, wakatafuta ilipolala, kwa sababu gorila hutengeneza matandiko mapya kila jioni, na toka hapo wanafuata majani yaliyovunjwa. Inaweza kuchukua saa moja, inaweza kuchukua saba. Nilikaa nje ya nyumba ya wageni nikiangalia ukungu ukipanda kutoka kwenye miti na kutoweka.

Walirudi kwenye saa tisa. Suruali ya Mama ilikuwa matope mpaka magotini, na jani la upupu lilikuwa limemwacha na vipele mkononi. Alikaa kwenye benchi mbali kidogo nami, akavua kiatu kimoja, akakisahau mkononi.

"Mgongo wake si mweupe," akasema. "Miaka yote nimewadanganya watoto. Ni kama majivu ya jiko, asubuhi."

Nikamwuliza alikuwa karibu kiasi gani.

"Wenzangu walikuwa karibu. Kuna katoto kalikuwa kanatuchungulia, kakitaka kuja, askari anatuambia turudi nyuma." Akakitazama kiatu. "Mimi nilishasimama nyuma ya wote tangu mwanzo. Mbarara tulilala chumba kimoja."