Batobato kwenye mihogo ya shangazi

Niko Muheza kwa shangazi na leo tumeshinda kwenye mihogo. Majani yamejikunja, yana mabaka ya njano. Ni batobato, ugonjwa wa mihogo unaoletwa na kirusi. Shangazi ananiuliza, "Sasa huyo mdudu yuko wapi nimpulizie dawa?" Shangazi yangu, hiki si kidudu! Kirusi hakili, hakipumui, hakikui. Dawa inaua nzi weupe wanaokibeba, chenyewe haikigusi.

Kirusi cha batobato ni vipande viwili vya duara vya DNA, yaani maagizo ya urithi, kila kimoja ndani ya ganda lake la protini. Basi, hakuna kingine. Nje ya seli hakifanyi lolote. Nzi mweupe akifyonza mmea mgonjwa kisha akahamia mzima, DNA ile inafika hadi kwenye kiini cha seli, na seli inaanza kutii maagizo ya mgeni. Ni kama mtu aliyeingia jikoni kwako mikono mitupu, akapika kwa unga wako, kuni zako na sufuria yako. Zinatoka nakala za DNA, yanatoka maganda, vinaungana kuwa virusi vipya. Bakteria mmoja hujigawa wakawa wawili. Kirusi huundwa kwa vipande.

Ugonjwa huu uliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1894, hapahapa Tanzania ya leo. Kinachoniudhi ni kwamba tunausambaza wenyewe, maana pingili ukiikata kwenye shina gonjwa, kirusi kimo tayari. Na jirani keshaomba mbegu kwa shangazi!

Tumeanza kung'oa. Shangazi kanuna kidogo.