Tairi la Tano: Nilivyoagiza Pikapu Yangu ya Asali

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Ikijaa asali ina kilo 28 hivi. Asiyewahi kusafirisha asali hupanga ndoo garini kwa kuangalia nafasi tu, uzito anausahau, na mimi nilifanya hivyo miaka mitatu mfululizo. Nanunua asali kwa warina wa barabara ya Itigi kwenda Rungwa, mkoani Singida, naipeleka Dodoma. Gari langu la kwanza lilikuwa dogo, lililotumika Japani, linavutwa na matairi ya mbele. Chini ya zulia la buti lilikaa tairi la spea jembamba, lile lenye kibandiko kinachokukataza kuzidi kilomita 80 kwa saa. Nililiona siku niliyonunua gari, nikafunika zulia, basi.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, tulikuwa tunarudi kutoka Rungwa na ndoo 12. Tumeshapita Mwamagembe, hatujafika Mitundu. Barabara ile kiangazi ni vumbi laini kama unga, na ndani ya vumbi kuna visiki. Kimoja kilitupata tairi la mbele kushoto. Mtoto wa kaka yangu, ndiye dereva wangu, alishuka akainama, akaingiza vidole viwili kwenye mpasuko.

"Shangazi, hili halizibiki. Limechanika ubavuni."

Pancha ya msumari kwenye kashata, ile sehemu ya tairi inayogusa ardhi, inazibika hata porini. Ubavu ukichanika hakuna kamba wala gundi inayosaidia. Tukatoa spea. Nililibonyeza kwa kidole gumba, likabonyea. Matairi yale membamba yanataka upepo mwingi, psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na hakuna aliyelijaza tangu limeingia nchini. Tulikuwa na pampu ya mguu. Kijana akakanyaga, nikampokea, akanipokea, na muda wote mbung'o wanatula. Anayeijua Rungwa anawajua mbung'o: wanafuata gari linalotembea, likisimama wanakuja kwa watu, na wanauma juu ya nguo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tairi lile halikutengenezwa kwa safari zangu. Gari linavutwa mbele, na tairi lililopasuka ni la mbele. Ukifunga spea jembamba mbele, linapishana kimo na mwenzake, difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili, inahangaika kufidia muda wote, na mchangani ndilo litakaloteleza. Kitabu cha gari kinasema uchukue tairi zima la nyuma ulilete mbele, jembamba uliweke nyuma. Ni sahihi kabisa. Lakini nyuma ndiko kulikokaa ndoo zangu 12, zaidi ya kilo 330. Tulishusha zote, tukapiga jeki mara mbili juu ya kipande cha ubao maana jeki ilikuwa inazama, tukabadilisha, tukapakia. Gari lilikwenda mita chache tu. Tairi jembamba likaanza kulima mchanga kama jembe.

Tulishusha tena ndoo tisa, tukazibeba mbili mbili hadi nyumba ya karibu. Mama mwenye nyumba alitupokea bila kutuuliza maswali mengi, akaonyesha kona, tukazipanga. Tulifika Itigi usiku wa manane na ndoo tatu. Niliporudi siku ya sita nilikuta ndoo zangu zote tisa zimefunikwa kanga, na kuzunguka kote amemwaga majivu ili siafu na sisimizi wasipande. Alikataa pesa. Nilimwachia sukari na kilo mbili za mchele, na sijasahau yale majivu.

Nilipopata mkopo wa kununua pikapu mpya, kitu cha kwanza nilichouliza kilikuwa tairi la spea. Kijana wa mauzo alishangaa kidogo, amezoea kuulizwa injini na mafuta. Akanijibu kwa heshima: "Mama, hii inakuja na spea kamili, usiwe na wasiwasi."

Neno hilo "kamili" ndilo ninalowaomba wenzangu mlisimamie. Kwa muuzaji, kamili ni tairi lolote ambalo si jembamba. Kwangu, kamili ni tairi ninaloweza kulifunga popote nikasahau kwamba ni spea. Nikamwambia anisomee namba za matairi yote matano kama zilivyo kwenye karatasi ya kiwanda. Manne yalikuwa 265/60R18, rimu za alumini zinazong'aa. La tano lilikuwa 265/65R17, rimu ya chuma.

"Inchi zinatofautiana," nikamwambia.

"Kimo ni kilekile, mama."

Nilikaa palepale nikapiga hesabu, kwa sababu sipendi kubishana na mtu kwa kitu kinachopimika. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu. Ya mwisho ni rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Tairi la 18: ubavu milimita 159, mara mbili 318, jumlisha rimu 457, unapata 775. Tairi la 17: ubavu milimita 172, mara mbili 344 na nusu, jumlisha rimu 432, unapata 776. Tofauti milimita moja. Kijana alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Pikapu ile isingepata shida ya difu niliyoipata mimi kwenye gari dogo.

Lakini hesabu hiyohiyo ilinionyesha jambo ambalo sikulitegemea. Tairi la 17 lina ubavu mrefu zaidi kwa milimita 13. Kwenye barabara ya visiki, mpira mwingi kati ya ardhi na rimu ni kitu unachokitaka. Nikaangalia namba za uzito: la 18 lilikuwa na 110, maana yake tairi moja linabeba kilo 1,060. La 17 lilikuwa na 112, kilo 1,120. Yaani tairi lililowekwa kama la akiba lilinifaa kuliko yale manne yaliyowekwa kwa kupendeza!

Nikampigia simu fundi wangu wa matairi pale Manyoni, nikamuuliza kama anauza 265/60R18. Akasema, "Mama, za 17 ninazo hapa, za 18 mpaka niagize Dodoma." Jibu hilo lilinipa nusu ya uamuzi.

Kijana akaniwekea njia tatu mezani. Ya kwanza, nichukue kama ilivyo. Ya pili, niongeze tairi la tano la inchi 18 na rimu yake ya alumini. Kiwanda kinakubali likiombwa kabla ya oda kutumwa, na bei yake ilikuwa kama faida yangu ya ndoo nyingi za asali. Pia alitaja kopo la gundi na pampu ndogo ya umeme, nikamwonyesha kwa vidole viwili ukubwa wa ule mpasuko wa Mwamagembe, hakulitaja tena. Ya tatu aliitoa mwishoni, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kukubaliwa: daraja la chini la pikapu hiyohiyo, injini ileile, matairi matano ya 17, rimu zote za chuma.

Nilichagua hiyo. Nilikosa skrini kubwa na viti vya ngozi. Kwa anayeendesha mjini, au anayekwenda Morogoro na kurudi kwenye lami, njia ya kwanza inatosha kabisa, na sioni sababu ya kumpa gharama. Mimi nilitaka kitu kimoja: matairi matano yanayoweza kubadilishana nafasi bila kuuliza lipi ni lipi. Tena rimu ya chuma ikipigwa na jiwe ikapinda, fundi anaigonga kwa nyundo inarudi. Ya alumini mara nyingi inapasuka. Halafu rimu za chuma na za alumini wakati mwingine hazitumii nati za aina moja, na usiku porini hutaki kugundua hivyo.

Kwenye profoma, karatasi ya oda niliyotakiwa kusaini, sehemu ya spea ilikuwa imeandikwa "kama kiwanda kitakavyoleta". Nilikataa kusaini. Nikaomba paandikwe: matairi matano 265/65R17 112, rimu za chuma, aina moja, kashata moja. Kijana alikwenda kumuuliza bosi wake, akarudi baada ya nusu saa na karatasi mpya. Nawaambia kabisa, nusu saa ile ndiyo iliyookoa kila kitu. Oda ikishatumwa kiwandani unachokidai ni kile kilichoandikwa, na maneno ya mezani hayana pa kushikwa.

Gari lilifika baada ya miezi mitano. Nilikwenda na mtoto wa kaka yangu, na kabla ya kuwasha injini tukatandika gunia chini, tukalala chini ya bodi na tochi. Matairi manne yalikuwa na namba nne za tarehe zinazofanana. Zile mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. La tano lilikuwa la saizi sawa lakini kampuni nyingine, kashata za lami, na lilitengenezwa mwaka mmoja na zaidi kabla ya wenzake. Nilitoa profoma, nikaweka kidole kwenye mstari. Hawakubishana. Walisema nisubiri siku nne, nikasubiri siku nne, gari nikaliacha palepale. Bila ule mstari ningesikia tu kwamba "ni spea, mama, litafanya kazi".

Tukafanya na jambo jingine ambalo naona wengi wanaliruka. Tulilishusha lile spea kwa mikono yetu pale uani. Pikapu nyingi hulining'iniza chini ya bodi kwa mnyororo, unapitisha chuma kirefu kwenye tundu la juu ya bampa la nyuma, unazungusha, linashuka. Mara ya kwanza chuma kilikataa kuingia tunduni, na fundi wa pale akatuonyesha pembe yake. Afadhali kujifunza hapo kuliko gizani. Tukajaribu jeki, tukafunga na kufungua nati kwa spana iliyokuja na gari, nikanunua kufuli la mnyororo, maana mjini spea la chini ya bodi linaondoka ukiwa ndani unakunywa chai.

Sasa kila kilomita 10,000 tunazungusha yote matano. La mbele kushoto linakwenda chini kupumzika, spea linaingia nyuma kulia, ya nyuma yanakuja mbele, la mbele kulia linavuka kwenda nyuma kushoto. Hakuna tairi linalozeekea chini ya bodi bila kugusa ardhi, na siku ya kununua mapya nanunua seti inayolingana. Upepo wa spea najaza kiwango cha tairi la nyuma lenye mzigo; kupunguza ni rahisi, kuongeza porini mnajua. Mnyororo tunauosha matope na kuupaka grisi, kwa sababu vumbi la Itigi likichanganyika na mvua linakauka kama saruji.

Mwaka huu, mwezi wa sita, tulitoka Rungwa na ndoo 28, kilo 784. Tulipokaribia Mitundu nikasikia mlio ule ninaoufahamu, safari hii nyuma kulia. Kijana aliweka ubao chini ya jeki, mimi nikazungusha chuma, tairi likashuka taratibu hadi likalala mchangani. Mbung'o walikuwepo. Ndoo hazikushushwa hata moja. Tulilifunga, tukalipandisha lililochanika kwenye mnyororo, tukafunga kufuli, na saa yangu ilionyesha dakika 35 tangu tusimame.

Mbele kidogo nilimwambia asimame tena. Yule mama alikuwa uani anapepeta mtama. Sasa ana mizinga yake minne, na alikuwa ameniwekea ndoo mbili, zimefunikwa kanga. Tulizipandisha juu ya zile 28, nikamlipa bei ileile niliyowalipa warina wa Rungwa, na safari hii alipokea.