Kazi ya mkutubi katika hazina ya kidijitali ihesabiwe

Vyuo vikuu vyetu vya Pwani hutoa kila mwaka tasnifu zinazohusu bahari, maradhi, lugha na biashara ya hapa kwetu, lakini nyingi huishia kwenye rafu za maktaba, ambako unyevu wa Mombasa huzila polepole, karatasi zikigeuka rangi na pini zikishika kutu. Mwanafunzi anayechunguza mikoko ya Tudor hupata kwa urahisi makala kutoka Australia, huku akiikosa tasnifu iliyoandikwa mtaa wa pili.

Vifaa vya kuondoa kasoro hii, yaani programu za kujenga hazina ya kidijitali ambamo kazi za chuo huhifadhiwa na kusomwa mtandaoni, vipo zamani. Programu ya EPrints ilitoka Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2000, na DSpace ikazinduliwa mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani kikishirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard. Zote mbili ni programu huria, wala chuo hakilipii leseni. Kwa hivyo, hazina ya chuo inapodorora, mimi huitafuta sababu kwanza katika namna tunavyomtendea mkutubi, kabla ya kuilaumu mitambo.

Tuangalie kazi ya kuingiza tasnifu moja tu. Ikiwa imepigwa skani kama picha, mara nyingi injini za utafutaji hazisomi vizuri maneno ya ndani yake, kwa hiyo mkutubi huipitisha kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha hukagua makosa. Halafu hujaza metadata, yaani maelezo ya kuitambulisha kazi kama jina la mwandishi, kichwa na mada, na hapa ndipo utaalamu wake unapoonekana. Mfumo hudai jina la ukoo litangulie, lakini mtu wa Pwani aitwaye Omar Ali Said hana jina la ukoo: Omar ni jina lake, Ali ni babake na Said ni babu yake. Akiandikwa leo "Said, Omar Ali" na kesho "Omar, Ali Said", mfumo utamhesabu kuwa watu wawili na kazi zake zitatengana. Ni lazima pia maneno ya mada yachaguliwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kwa makala za majarida, sharti za mchapishaji zisomwe, kwa kuwa wengi huruhusu nakala iliyokubaliwa kabla ya kupangwa kurasa, pengine baada ya muda maalumu wa kusubiri.

Hiyo ni kazi ya kitaalamu kabisa. Hata hivyo, mara nyingi hubandikwa juu ya zamu za dawati, ikafanywa jioni watu wakishaondoka, na fomu ya tathmini ya mwaka haina pa kuiandika. Nimewaona wenzangu wakirudi kutoka kwenye mafunzo na ari kubwa, wakalikuta dawati lilelile na foleni ileile, na baada ya muda ari ikazimika; siwezi kuwalaumu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na wakutubi wetu wanacheza kwao bila kutunzwa. Posho ya semina siidharau, ila huisha pamoja na semina yenyewe.

Ningependa kazi hii iingizwe katika majukumu rasmi na katika vigezo vya kupandishwa cheo, pamoja na saa za wiki ambazo mkutubi hayupo dawatini. DSpace hurekodi idadi ya upakuaji na nchi ulikotoka. Takwimu hizo zifikishwe kwa Seneti ya chuo mara kwa mara, zikitaja waliofanya kazi. Mkutubi akiona tasnifu aliyoiingiza kwa mikono yake inasomwa Kampala au Zanzibar, hahitaji kuhubiriwa umuhimu wake. Seneti nayo ipitishe sera kwamba hakuna anayehitimu kabla nakala ya kielektroniki ya tasnifu yake haijapokelewa, kwa sababu bila sera mkutubi hubaki kubisha milango ya wahadhiri akiomba hisani, na hakuna jambo linalomvunja moyo mtaalamu kama hilo.

Tahadhari yangu ni moja: idadi peke yake isiwe kipimo, kwani itazaa rekodi zenye vichwa vilivyokosewa na muhtasari mtupu. Wakuu wa maktaba wanaoandaa fomu za tathmini za mwaka ujao wanaweza kuanza kwa kuongeza mistari miwili tu, mmoja wa idadi ya kazi zilizoingizwa na mwingine wa ubora wa metadata, na kando yake jina la mkutubi aliyezishughulikia.