Kambo na nyumba alizozitembelea

Kilio kimekwisha, viti vya kuazima vimerudishwa kwa jirani, na mashangazi waliotoka Likasi na Kolwezi wamekwisha kupanda basi. Katika nyumba yetu ya Kenya, mojawapo ya komini (wilaya) za hapa Lubumbashi, tumebaki wachache, nami nimepata nafasi ya kuandika kuhusu Kambo, mama wa mama yangu, aliyefariki akiwa amepita miaka tisini. Siku zote za kilio niliwasikia wazee wa parokia wakimsifu kwa maneno yaleyale: alikuwa mtu wa kanisa. Ni kweli kabisa. Lakini waliomjua kwa mbali wanaweza kufikiri kwamba sifa hiyo inahusu rozari yake na kiti chake cha mbele, na mimi niliyelelewa naye ninapenda watoto wangu wajue kwamba kwake kusali na kwenda kwa mtu vilikuwa kazi moja, na kwamba kazi hiyo ilikuwa na chanzo chake.

Alizaliwa upande wa Bukama, katika nchi ya Waluba, akaja mjini kwa gari la moshi akiwa bibi harusi kijana, enzi ambazo mji uliitwa Elisabethville. Babu alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, na walikaa kambini, ambako familia zilipewa posho ya unga wa mahindi, maharagwe, mafuta ya mawese na samaki wakavu. Kwenye fwaye ya kambi, yaani nyumba ya mafunzo ya akina mama, masista waliwafundisha wake wa wafanyakazi kushona na kutunza watoto wachanga, na nguo zote za ubatizo katika ukoo wetu zimetoka katika ujuzi alioupata pale. Misa ilikuwa kwa Kilatini. Kambo alijua majibu yote kwa moyo, na hata uzeeni aliweza kuyatamka bila kusita, ila hakuyalilia yalipoondoka. Alitusimulia kwamba siku aliposikia Injili ikisomwa altareni kwa Kiswahili, miaka ya 1960, baada ya Mtaguso wa Vatikano, alifika nyumbani akamsimulia mumewe yote tangu mwanzo, kana kwamba ni habari iliyotoka mjini asubuhi ileile.

Kilichowabadilisha zaidi wote wawili ni Jamaa. Vuguvugu hilo lilianzishwa Kolwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, likaenea haraka katika kambi za migodi za Katanga. Mafundisho yake yalizungumzia uzima, uzazi na mapendo, na mume na mke waliingia pamoja, wakiitwa baba na mama, wakijifunza kuambizana yaliyo moyoni. Babu alikuwa mtu wa kunyamaza. Baada ya Jamaa, kwa maneno ya Kambo, alianza kuweka mshahara wake mezani mbele ya mkewe na kula bukari (ugali) naye katika sahani moja, jambo ambalo wanaume wenzake kambini waliliona ajabu. Mimi nahesabu sahani hiyo kuwa jambo kubwa kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, kwa sababu mama yangu na ndugu zake walikulia kando yake na wote wakajenga ndoa za namna hiyo.

Kisha yakaja mambo ya kisiasa. Katanga ilitangaza kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, na mwaka uliofuata Waluba wa mjini, wa Kasai na wa Katanga ya kaskazini, walikimbia kwa maelfu na kutafuta ulinzi kwa majeshi ya Umoja wa Mataifa, katika kambi iliyoota pembeni ya mji. Kambo alikwenda na mama yangu mgongoni, na kikwembe kimoja cha ziada. Hakuwa na chombo cha kupikia. Mwanamke mmoja wa Kasai, ambaye hawakuwahi kuonana, alimwona akizunguka na unga kwenye kitambaa, akampa sufuria yake ya pili, moja kati ya vyombo vichache alivyofanikiwa kukimbia navyo. Walipozungumza wakagundua kwamba wote wawili ni mama wa Jamaa, na tangu jioni ile walisali rozari pamoja, wakapika pamoja, wakabebeana watoto. Kambo hakupenda kutueleza njaa na maradhi ya kambi ile. Tulipomuuliza, alitueleza sufuria.

Vita vya kujitenga vilimalizika Januari 1963, maisha yakarudi polepole, na yule rafiki akahamia Likasi na mumewe. Waliandikiana na kutembeleana kwa miaka mingi, hata tukamwita kambo naye. Ndipo ikafika 1992. Watu wa Kasai walianza kufukuzwa katika nyumba zao, na pale Likasi familia nzima zililala stesheni na kandokando ya reli, zikingojea gari la moshi la kuzipeleka Kasai, nchi ambayo wengi wa watoto wao hawakuwahi kuiona. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka Kambo akifunga gunia la unga, ndakala (dagaa) na chumvi, na jirani akisimama mlangoni akimsihi.

“Mama, usiende kule. Utatuletea maneno hapa kwenye kartieri, mtaani kwetu.”

“Yule alinipa sufuria siku sikuwa na kitu,” alijibu, akaendelea kufunga.

Alikwenda kwa lori, akamkuta rafiki yake chini ya hema la turubai, akakaa naye mpaka alipopanda behewa. Hawakuonana tena. Aliporudi hakuongea siasa, wala hakumsema jirani, ambaye aliendelea kumsalimu kila asubuhi kama kawaida. Aliomba tu jumuiya yetu ya kanisa isali kwa ajili ya walioko njiani, akayataja majina, na baadhi ya watu waliinamisha vichwa bila kuitikia. Kumtaja Mkasai kwa sauti katika sala, mwaka ule, kulihitaji ujasiri ambao ninaustahi kuliko yote aliyoyafanya.

Yaliyobaki ninayapitia haraka, kwa kuwa kila familia ya hapa inayo ya kwake: jina la ubatizo ambalo serikali ililikataza mwaka 1972 na ambalo yeye alilitumia katika sala zake zote, furaha yake Agosti 1985, Anuarite, sista Mkongo aliyeuawa kwa ajili ya imani, alipotangazwa mwenye heri, na Oktoba 1993, ilipotoka fedha mpya, zaire mpya moja kwa zaire milioni tatu za zamani, wakati yeye alikuwa amekwisha kuzoea kupeleka bakuli la unga kwenye matoleo kwa sababu noti hazikununua kitu. Alikuwa pia mkali, na sipendi kuficha hilo. Binti aliyevaa suruali hakuvuka mlango wake kwenda misa, na katika jambo hili mimi na yeye hatukupatana mpaka mwisho.

Katika miaka yake ya mwisho macho yalimwishia, nikawa ninamsomea masomo ya siku kila jioni, na baada ya masomo ninamsomea daftari lake. Ndani yake mna majina ya wagonjwa, wajane na wazee wasio na mtu, kila mmoja na barabara yake, kwa hati ya mviringo aliyojifunza katekisimuni. Miguu ilipokataa, aliwatuma wajukuu na kutudai ripoti: je, anakula, nani analala naye, padri amefika?

Jana usiku, baada ya sala, shangazi mkubwa alileta daftari hilo mezani na tukagawana majina. Mjomba alipendekeza tukusanye fedha na kumlipa mtu mmoja azunguke kwa niaba yetu, kwa kuwa sote tuna kazi. Shangazi alikataa, nami nikamuunga mkono. Mabishano yalikuwa marefu, na mjomba bado hajakubali sawasawa, ila amechukua majina mawili. Mimi nimepewa mzee wa Katuba ambaye Kambo aliandika pembeni ya jina lake kwamba anapenda sombe (kisamvu) isiyo na chumvi nyingi. Nitakwenda kwake Alhamisi, nikitoka kazini.