Upande wa Kulia

Mwaka 1994 nilikuwa darasa la pili, Muheza, nikilelewa na bibi mzaa mama. Sikio langu la kushoto lilikuwa likitoka usaha. Kuuma kwenyewe liliuma usiku mmoja tu, baada ya mafua makali. Nililia hadi karibu na alfajiri, kisha mto ukalowa, maumivu yakakata. Nyumba nzima ikashukuru. Kumbe yamekata kwa sababu ngoma ya sikio imetoboka.

Usaha ukabaki. Machungwa yakaiva, yakaisha, vuli ikaanza, bado nasukuma pamba sikioni asubuhi na kuitoa jioni imebadilika rangi. Hakuna aliyeshtuka. Sikio la mtoto likitoka usaha lilihesabiwa pamoja na kamasi: litakauka akikua, hata mjomba wake alikuwa nalo. Hospitali ilikuwa ya homa na kuhara. Bibi alipasha mafuta ya nazi na kitunguu saumu, akanitonesha kwa unyoya wa kuku. Jirani aliyekuwa ananyonyesha akaombwa maziwa, akakamua bila kuuliza. (Mwaka jana, Dar es Salaam, nimesikia mtu akimshauri mwenzake hayo hayo maziwa.) Shuleni niliyekaa naye dawati moja alihamia nyuma kwa ajili ya harufu.

Na nilichapwa. Mwalimu aliniita mkaidi. Nyumbani nilitumwa nazi, nikarudi na ndizi, bibi akanipokea na mwiko: "Sikio la kufa halisikii dawa!"

Siku ile tulikwenda zahanati kwa ajili ya magoti yake. Mimi nilikuwa wa kubeba kikapu. Tabibu, mzee mmoja mpole, alimaliza habari za magoti akanitazama.

"Bibi, hilo sikio lina muda gani?"

"Aa, hilo ni la utoto tu, baba. Tangu machungwa."

Akanichungulia kwa kidude chenye taa, kisha akanigeuza nimtazame bibi. Akaniziba sikio la kulia kwa kidole, akainama kwenye la kushoto na kuniambia kwa sauti, "Nitanong'ona, nawe useme ninachosema." Nikasubiri aanze. Nikasubiri sana. Nilichokuwa nakiona ni uso wa bibi tu, na ule uso ukawa unabadilika, mkono ukapanda mdomoni. Tabibu alikuwa ameshasema mara tatu.

Hakumgombeza. Alimweleza kwamba kuna mrija mdogo unaotoka nyuma ya pua kwenda sikioni, na kwa watoto ni mfupi na umelala, ndiyo maana mafua hupita upesi. Usaha ukizidi siku 14 umeshakuwa sugu. Pakivimba nyuma ya sikio, nikimbizwe hospitali hata kama ni usiku. Mafuta basi, maziwa basi, kuogelea mtoni basi. Sikio likae kavu: kitambaa safi kisokotwe kama utambi, kiingizwe kinyonye, kitolewe, kingine, mpaka kitoke kikavu, mara tatu kwa siku, ndipo matone ya dawa yafuate.

"Utambi naujua," bibi akasema kwa sauti ndogo. Jioni ile alichana kanga yake nzuri, si ile kuukuu, akaichemsha.

Lilichukua wiki tatu kukauka. Kusikia hakukurudi kwote.

Lakini nakumbuka zaidi njia ya kurudi. Bibi alizoea kutembea kushotoni kwangu, akinishika mkono, akisema peke yake, nami nikiitikia nilipobahatisha. Tulikwenda kimya mpaka karibu na reli. Pale akasimama, akaniachia mkono, akazunguka mbele yangu hadi upande wa kulia, akanishika tena.

"Mume wangu," akasema, "nilikuwa nakuuliza, una njaa?"