Uzi wa Bibi

Mwaka 2016, nikiwa na miaka miwili tu kazini katika hospitali moja mkoani Tanga, nililetewa mtoto wa siku tisa mwenye uvimbe wa zambarau kwenye paja la kushoto, mkubwa kama limau, wenye joto, uliozungukwa na utepe wa ngozi iliyopauka. Aliyempakata alikuwa bibi yake, kwa kuwa mama alikuwa bado anauguza kidonda cha upasuaji.

Nilijiona najua. Tangu madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walipotangaza mwaka 2008 kwamba propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu, husinyaza hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu, za watoto wachanga, habari hiyo ilitupa matumaini makubwa, nami nikaandika dozi. Kabla dawa haijatolewa, nilimpigia simu mwalimu wangu aliyekuwa Moshi. Hakuuliza rangi wala ukubwa.

“Alizaliwa nao, au ulitokea baadaye?”

Nikamuuliza bibi. “Alizaliwa nao vivyo hivyo, mwanangu. Mkunga ndiye aliyeuona kwanza.”

Basi dawa ile haikuwa yake. Hemanjioma ya kawaida huchomoza wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa, ikakua kwa kasi. Hii adimu hukomaa tumboni, mtoto akazaliwa nayo ikiwa kamili, na kwa kawaida propranololi haiifai kitu. Ningemshushia mtoto sukari na mapigo ya moyo bure. Sisi huziita zote “alama ya kuzaliwa”, na naamini jina hilo limepoteza watoto wengi njia ya tiba.

Tulipima chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, tukasikiliza moyo, na ultrasaundi ya Dopla ikaonyesha damu ikipita kwa kasi. Kilichobaki ni kungoja, kwa maana aina moja ya uvimbe huu hunywea yenyewe kabla ya miezi 14, na nyingine hainywei kamwe. Siku ile hakuna aliyeweza kumwambia bibi ni ipi.

Kila kliniki alikuja na uzi mweusi aliouzungusha pajani nyumbani, akaufunga fundo. Mtoto alinenepa, lakini alipofikia miezi minne fundo jipya lilirudi nyuma ya lile la zamani. Alinionyesha kwa ukucha, bila neno.

Alipotimiza miezi 13, palibaki kibonde chenye ngozi nyembamba. Bibi akauliza kama patajaa. Nikamjibu kwamba huenda pasijae. Akapapasa pale kwa kidole gumba, taratibu, kisha akamfunga mtoto mgongoni.